Matamko ya wagombea yatoke lini? Mwongozo kwa kamati ya uchaguzi ya jumuiya

Mwongozo huu ni wa kamati za uchaguzi katika jumuiya za kujitolea: umoja wa wakazi wa mtaa, umoja wa wazazi wa shule, chama cha watu wa kwetu walio ughaibuni, kikundi cha kufaana kwenye misiba na harusi. Huko mgombea hasimamishwi na chama cha siasa, hana mabango wala gari la matangazo. Ana ukurasa mmoja wa tamko: mimi ni nani, nimefanya nini, nikichaguliwa nitafanya nini. Wanachama wengi hawatasoma kitu kingine chochote kabla ya kupiga kura. Ndiyo maana siku na saa ya kuutoa ukurasa huo ni jambo la haki, na kamati inapaswa kuiamua mapema na kuiandika kwenye tangazo la kwanza kabisa la uchaguzi.

Jibu kwa kifupi: matamko yote yatoke kwa mpigo, saa moja, baada ya fomu kufungwa na kuhakikiwa, wiki mbili kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Yakishatoka, hayaguswi.

Kwa nini yasitoke moja moja

Kamati nyingi hubandika kila tamko siku linapoletwa. Inaonekana ni uwazi, na inapunguza kazi ya siku moja. Lakini angalia kinachotokea. Aliyerudisha fomu wiki ya kwanza anasomwa kwa wiki nne, aliyerudisha siku ya mwisho anasomwa kwa wiki mbili, ingawa wote wamefuata kanuni. Kisha wa pili anaandika huku tamko la kwanza liko mkononi mwake: anachukua hoja iliyopokewa vizuri, anaiongezea chumvi, na anajibu kila ahadi ya mwenzake. Wa kwanza hana nafasi ya kujibu. Matokeo yake wajanja hujifunza kusubiri hadi saa ya mwisho, na fomu zote humiminika jioni moja kamati ikiwa imechoka.

Kuna athari nyingine, nzito zaidi kwenye jumuiya zetu. Jina la mzee anayeheshimika likitoka mapema, vijana na kina mama waliokuwa na nia wanarudi nyuma: "kwa kuwa mzee keshachukua fomu, mimi nikae." Hakuna aliyewazuia, ila nafasi imejazwa kwa heshima badala ya kura. Mzee huyo huyo huenda angefurahi kupata mshindani.

Wanaotetea utaratibu wa moja moja wana hoja moja ya kweli: watu wakiona wenzao wamejitokeza hupata moyo, na wakiona kimya hudhani uchaguzi umekufa. Hoja hii inajibiwa bila kutoa tamko lolote. Siku saba kabla ya kufunga, kamati itangaze idadi tu, bila majina: "Uenyekiti: fomu 2 zimerudi. Ukatibu: 1. Uweka hazina: hakuna." Nafasi isiyo na mtu ikijulikana, watu watasukumana kuijaza.

Kuhesabu kurudi nyuma

Anza na siku ya kura, kisha rudi nyuma. Tuchukue mfano wa jumuiya yenye wanachama 120, nafasi tano, kura Jumapili.

- Siku 42 kabla: tangazo la uchaguzi, fomu zinaanza kutolewa. Tangazo lina tarehe zote zilizo hapa chini.
- Siku 28 kabla: idadi ya fomu zilizorudi inatangazwa.
- Siku 21 kabla, Jumapili saa 12 jioni: fomu zinafungwa. Tamko linakuja pamoja na fomu.
- Jumatatu hadi Alhamisi: kuhakiki uanachama na ada, kupokea pingamizi, kutafsiri kama ipo haja, kupanga kurasa.
- Alhamisi usiku: kila mgombea anatumiwa ukurasa wake kama utakavyotoka. Ana hadi Ijumaa saa 12 jioni kujibu.
- Siku 15 kabla, Jumamosi saa 3 asubuhi: matamko yote yanatoka.
- Siku 7 kabla, Jumapili: kikao cha maswali na wagombea.
- Siku 3 kabla: majibu ya maswali yaliyotumwa kwa maandishi yanatoka, nayo kwa mpigo.
- Siku mbili za mwisho: kamati haitoi chochote kipya kuhusu mgombea yeyote.

Jumamosi hadi Jumapili ya wiki mbili mbele ni siku 15, lakini kinachofaa zaidi ni wikendi tatu zilizomo. Mwenye duka, muuguzi wa zamu na dereva wa masafa hawasomi kurasa saba Jumanne usiku. Hesabu ya kusoma yenyewe ni ndogo: wagombea 7, maneno 300 kila mmoja, ni maneno 2,100, yaani dakika 15 hadi 20. Muda unaohitajika ni wa kulifikia karatasi, kuulizana na kukumbuka jinsi fulani alivyoendesha michango mwaka juzi.

Chini ya siku 10 ni haraka mno, hasa kama baadhi ya wanachama hupata habari kwa mtu kupita mlangoni. Zaidi ya wiki nne napo pana hasara: tamko limesahaulika, wapambe wamebaki na kazi moja tu ya kuchimbana, na mgombea mpole amechoka kujibu mambo ambayo hayamo kwenye tamko lake.

Usichukue kipimo kutoka uchaguzi wa serikali. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania wa mwaka 2024, kampeni zilikuwa za siku saba, tarehe 20 hadi 26 Novemba, na kura ikapigwa tarehe 27. Siku saba zinatosha pale ambapo mgombea anabebwa na chama kinachojulikana na mikutano ya hadhara inafanyika kila jioni. Kipimo kilicho karibu na chetu ni cha Debian, mradi wa programu huria za kompyuta unaoendeshwa na watu wa kujitolea duniani kote. Katiba yao inatoa wiki 1 ya kujitokeza, wiki 3 za kampeni na majadiliano ambamo mgombea mpya haruhusiwi kuingia, kisha wiki 2 za kupiga kura. Kujitokeza kunafungwa kwanza, ndipo mjadala unaanza, ndipo kura. Mpangilio huo ndio wa kuiga, hata kama wiki zenyewe utazipunguza.

Kama kura yenu inapigwa kwa simu au kwa siku kadhaa, hesabu kutoka siku inapofunguliwa, si inapofungwa. Hapa ndipo kamati nyingi hukosea. Wanachama wenye shauku hupiga kura saa ya kwanza, na kura iliyopigwa kabla ya tamko kutoka hairudi.

Angalia pia kalenda ya watu wenyewe. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe iliyofaa mwaka jana inaweza kuangukia kumi la mwisho mwaka huu. Ziepuke wiki za kupanda mvua za masika zinapoanza, wiki ya kufungua shule, na sikukuu ambazo watu huenda kwao. Kwa walioko Kenya, uchaguzi mkuu uko kwenye katiba: Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Tamko la mweka hazina wa mtaa halitasomwa wiki hiyo.

Saa ya mwisho iandikwe isiyopingika

Ugomvi mwingi wa fomu zilizochelewa unatokana na saa iliyoandikwa vibaya. "Mwisho Jumapili saa 6 usiku" ina maana mbili: usiku wa kuamkia Jumapili, au usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Na kwa wazee wengi wa pwani siku mpya huanza magharibi, hivyo "usiku wa Jumapili" kwao ni Jumamosi jua likizama. Watu watatu waaminifu wanaweza kuleta fomu kwa saa tatu tofauti, kila mmoja akiwa na haki yake.

Saa 12 nayo ina mtego. Aliyekaa Birmingham miaka ishirini akisoma "saa 12" anaweza kuelewa adhuhuri. Andika hivi, neno kwa neno: "Jumapili tarehe 14, saa 12 kamili jioni (18:00), saa za Afrika Mashariki." Kama mna wanachama nje, ongeza mstari mmoja wa miji yao: Lubumbashi 17:00, Muscat 19:00, London 16:00, Minneapolis 10:00 asubuhi. Hizo za London na Minneapolis ni za majira yao ya joto. Wakati wa baridi zote mbili zinarudi nyuma saa moja, yaani 15:00 na 9:00. Marekani hubadili saa Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi, hivyo uchaguzi wa mwezi huo uhesabiwe upya badala ya kunakiliwa kutoka tangazo la mwaka uliopita.

Jioni ni bora kuliko usiku wa manane kwa sababu nyingine pia: saa 12 jioni kuna mtu wa kamati aliye macho wa kupokea simu ya anayeshindwa kutuma faili.

Kupokea bila kufungua

Tamko la karatasi lije ndani ya bahasha iliyofungwa, jina la mgombea na nafasi vikiwa juu. Anayepokea anaandika saa, anatia sahihi juu ya gundi, na anampa mgombea risiti. Tamko la simu au barua pepe liende kwa anwani ambayo watu wawili wa kamati wanaifungua pamoja baada ya saa ya mwisho. Msilipokee kwenye grupu, wala kwenye simu binafsi ya katibu anayegombea tena.

Saa ya kufunga ikifika, jambo la kwanza ni kuhesabu bahasha kwa kila nafasi, kabla ya kuchana hata moja. Kama kuna nafasi haina mtu, amueni papo hapo kuongeza muda. Debian huongeza wiki nzima pasipojitokeza mgombea, na kwa jumuiya ndogo wiki moja inatosha. Ukiongeza, siku zote zinazofuata zisogee wiki moja, kura ikiwemo, na bahasha za nafasi nyingine zibaki zimefungwa hadi siku mpya. Kuongeza muda baada ya matamko kutoka kunamruhusu mgombea mpya kuandika akiwa amesoma ya wenzake wote, na hapo kila mlichokilinda kimeharibika.

Nafasi yenye mgombea mmoja haisababishi kuongeza muda. Tamko lake litoke pamoja na mengine, hata kama katiba yenu inaruhusu apite bila kupingwa. Wanachama wana haki ya kujua anayekwenda kushika fedha zao amesema nini.

Je, tamko lije pamoja na fomu au baadaye? Lije pamoja. Tarehe mbili za mwisho huzaa wasahaulifu, na kamati itatumia wiki nzima kumkumbusha mmoja na kumsahau mwingine. Asiyeleta tamko bado ni mgombea, lakini ukurasa wake utoke na jina, picha na mstari mmoja: "Tamko halikuwasilishwa." Msimsubiri. Kumsubiri mmoja ni kuwanyang'anya siku waliowahi.

Kurasa zifanane

Maneno 300 ya juu, kwa mwandiko wa ukubwa wa 12, yanaingia upande mmoja wa A4 na nafasi ya picha ya pasipoti inabaki. Ukomo ukivukwa, msikate wenyewe. Mrudishieni mgombea Jumatatu na mumpe hadi Jumatano saa 12 jioni apunguze. Asipopunguza, linachapwa hadi neno la 300 na kuishia hapo, na kanuni hiyo iwe kwenye fomu tangu mwanzo. Makosa ya tahajia yasahihishwe na mgombea mwenyewe. Kamati ikianza kunyoosha lugha ya mmoja, italaumiwa kwa kuiacha ya mwingine.

Ondoeni namba za simu, namba za kitambulisho na anwani za nyumbani kabla ya kutangaza. Fomu inazihitaji, tamko halizihitaji. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na karatasi iliyobandikwa ukutani haichagui msomaji.

Mpangilio uamuliwe kwa kura ya bahati. Alfabeti humpa Abdallah ukurasa wa kwanza maisha yake yote na kumweka Zuhura mwisho. Vijikaratasi vyenye majina, chombo kimoja, mtoto au mgeni achomoe mbele ya wagombea au wawakilishi wao. Mpangilio huo huo utumike ubaoni, kwenye faili na kwenye sauti.

Tafsiri ikihitajika, iwe imekamilika kabla ya siku ya kutoa. Watoto wa ughaibuni wakisoma siku nne baada ya wazazi wao, mmefanya chaguzi mbili. Mfasiri asiwe mpambe wa yeyote, na mgombea aione tafsiri yake Alhamisi pamoja na ukurasa wa awali. Matamko 7 ya maneno 300 ni kazi ya siku mbili au tatu kwa mtu mmoja anayefanya baada ya kazi zake, na siku hizo zimo kwenye kalenda ya juu.

Kwa wasiosoma, au wenye macho yaliyochoka, rekodi sauti. Msomaji awe mmoja kwa matamko yote, kasi moja, bila mbwembwe. Maneno 300 yanachukua kama dakika tatu. Wagombea wakijirekodi wenyewe, mwenye sauti ya redio anashinda kabla hajasema neno.

Jumamosi saa 3 asubuhi

Wapeni kazi watu wawili. Mmoja yuko kwenye ubao wa matangazo na kurasa zilizochapwa, mwingine ana simu. Kwenye WhatsApp, funga grupu kwanza ili admini pekee waandike, kisha tuma faili moja la PDF lenye matamko yote. Usitume mafaili saba: la kwanza litafunguliwa, la saba litazikwa chini ya salamu za asubuhi, na kila mpambe atasambaza la mtu wake peke yake. Faili moja linasafiri zima. Hakikisheni halizidi MB 2 au 3. Picha za simu zisizopunguzwa ndizo huvimbisha faili na kumaliza bando za watu.

Kabla ya kutuma, kagueni kama grupu lina mpangilio wa ujumbe kujifuta. Ukiwa wa siku 7, tangazo lenu litatoweka kwenye grupu wiki moja kabla ya kura. Zimeni mpangilio huo. Kisha bandikeni ujumbe juu ya grupu kwa siku 30, maana ile ya siku 7 nayo inaisha mapema mno. Ujumbe wenyewe unatosha hivi:

"Matamko ya wagombea wote yametoka leo Jumamosi saa 3 asubuhi (9:00). Wagombea ni 7, kurasa ni 7. Mpangilio umepatikana kwa kura ya bahati. Nakala za karatasi ziko ubaoni na kwa mjumbe wa kila safu. Maswali kwa wagombea yatumwe kwa kamati hadi Jumatatu tarehe 29, saa 12 jioni (18:00). Kura ni Jumapili tarehe 5. Kamati ya Uchaguzi."

Fungueni grupu baada ya saa moja. Chapeni nakala za karatasi kwa hesabu ya nyumba zisizo na simu janja, kuongeza tano. Jioni mmoja wa kamati apite ubaoni: ukurasa ukichanwa au kuchorwa, rudisheni seti nzima mpya, si huo mmoja tu uliochafuliwa, ili usionekane mweupe katikati ya kurasa zilizopauka.

Likitokea kosa baada ya kutoka

Kosa la kamati, kama picha iliyobadilishana au aya iliyoruka, linasahihishwa siku hiyo hiyo kwa faili jipya lenye tarehe na saa kwenye jina lake, na ujumbe unaoeleza nini kimebadilika. Kosa la mgombea halibadilishwi ndani ya tamko. Akisema aliongoza kamati ya maji mwaka 2019 kumbe ni 2021, kamati inaambatisha mstari wa masahihisho chini ya ukurasa, wenye tarehe. Tamko lenyewe linabaki lilivyo, kwa sababu waliosoma Jumamosi na watakaosoma wiki inayofuata lazima wawe wamesoma kitu kimoja.

Anayejitoa, ukurasa wake usiondolewe. Pigeni mhuri au andikeni "Amejitoa, tarehe fulani" juu yake. Karatasi ikitoweka kimya kimya, uvumi utajaza nafasi yake kabla ya adhuhuri.

Tamko likimtuhumu mtu wizi au likitaja ugonjwa wa mwenzake, jambo hilo lishughulikiwe kati ya Jumatatu na Alhamisi, kabla ya kutoka. Mgombea aambiwe ni sentensi ipi na kanuni ipi, aandike upya. Akikataa, sentensi hiyo inaachwa na pengo linaonyeshwa kwa nukta tatu ndani ya mabano. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuwa na siku hizo nne; kamati inayofunga fomu saa 12 na kutoa matamko saa 1 haina pa kusimama likitokea hili.

Kura ikishahesabiwa, shusheni kurasa ubaoni siku hiyo hiyo. Seti moja ikae kwenye faili la katibu pamoja na risiti za kupokelea, karatasi ya kura ya bahati na majibu ya wagombea ya Ijumaa, hadi muda wa pingamizi upite. Bahasha zenye namba za vitambulisho zichomwe mbele ya watu wawili, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba zimechomwa.